Kusi Mgongoni: Kwa Baiskeli Kutoka Mnarani Hadi Ngomeni

Aliyepata kusafiri kwa gari kutoka Mombasa kwenda Malindi, akaketi dirishani akitazama minazi, mikorosho, vibanda vya maembe na mabango ya viwanja vinavyouzwa, aghalabu hushuka mwisho wa safari akiamini ya kuwa ameiona pwani. Ilhali pwani yenyewe, ile ya misikiti ya mawe ya matumbawe, makaburi ya minara na visima vilivyochimbwa kabla ya mababu wa babu zetu kuzaliwa, ilikuwa ubavuni mwake muda wote huo, nyuma ya vichaka na mashamba, wala hakuiona. Barabara kuu ilikatwa na watu wenye haraka ya kufika, na miji ya kale ilijengwa na watu waliozoea kungoja upepo miezi mitatu, basi si ajabu kwamba vitu hivyo viwili havikupitia mahali pamoja. Baina yake kuna njia za mchanga ambamo gari huzama, na mtu aendaye kwa miguu hushikwa na jua kabla hajafika popote, na chombo kinachozimudu pasi na taabu kubwa ni baiskeli.

Safari ninayotaka kuieleza inaanzia Mnarani, ng'ambo ya kusini ya hori ya Kilifi, na kumalizikia Ngomeni, rasi iliyoko kaskazini ya Malindi, mwendo wa kilomita mia moja hivi ukihesabu na michepuko. Mtu mwenye inadi anaweza kuumaliza kwa siku moja, lakini atakuwa amefanya kazi ya dereva wa matatu bila ya ujira wake. Siku tatu ndiyo kadiri inayofaa.

Kabla ya kutaja mji hata mmoja sina budi kuutaja upepo, kwa sababu mwenye baiskeli huku kwetu, kama nahodha wa jahazi, hana hiari ila kuusikiliza. Upepo wa kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, mkavu na wenye joto. Wa kusi huingia pamoja na mvua za masika mwezi wa Aprili, ukapata nguvu zake Juni na Julai, ukapungua kadiri mwaka unavyozeeka. Njia yetu inaelekea kaskazini, na kwa hiyo anayeondoka Kilifi mwezi wa Julai au Agosti, mvua kubwa zikiwa zimekwisha, husukumwa mgongoni kama kwa mkono wa mtu, na anayeshika njia iyo hiyo siku hizo kutoka Ngomeni kuja Kilifi hukanyaga kutwa kama apandaye mlima usioonekana. Vasco da Gama alijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji, kusi ndiyo kwanza inaanza, na mwezi haukutimia ila alikwisha kuiona India. Lakini katika kurudi aling'oa nanga Oktoba, hakungoja kaskazi ikomae, akakaa baharini takriban miezi mitatu huku mabaharia wake wakifa kwa kiseyeye, na alipoingia Malindi tena Januari 1499 watu waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zake zote, ikambidi aichome moto mojawapo njiani. Mpanda baiskeli anayebishana na upepo hafi kwa kiseyeye. Hufika Gede saa nane za mchana badala ya saa nne za asubuhi, na adhabu hiyo yamtosha.

Juu ya baiskeli yenyewe nina maneno machache. Nimewaona wageni wakija na baiskeli nyepesi za matairi membamba kama ukanda, zenye gia nyingi kuliko vidole vya mkono, na nimewaona wageni hao hao wakizisukuma mchangani jua la adhuhuri, ilhali muuza samaki wa Mida anawapita amekaa, tenga lake limefungwa kwa mpira juu ya keria, akipiga kengele kwa adabu. Baiskeli nzito ya chuma itokayo India, ambayo katika vijiji vya Kilifi hubeba maji, mkaa, madafu, wagonjwa na maharusi, ndiyo mwalimu wa njia hizi. Atakayekuja na ya kisasa na achague yenye matairi mapana, na akifika penye mchanga ayapunguze upepo kidogo, maana tairi lililolegea hukanyaga juu ya mchanga na lililojaa hupasua na kuzama.

Mnarani ni mahali pa kuanzia kwa sababu pako juu ya jabali, na kutoka hapo mtu huiona hori yote, maji yake ya kijani na daraja lililofunguliwa mwaka 1991 kuiondoa kazini feri ambayo wazee bado huisimulia. Msikiti wa kale umebaki kuta, na kando yake limesimama kaburi la mnara pamoja na mibuyu mikubwa ambayo haikosi kuwa iliwaona walioujenga. Aliye na siku ya ziada aanzie nyuma zaidi, Takaungu, ambako watawala wa Mombasa wa ukoo wa Mazrui walikimbilia Sultani Sayyid Said alipouteka mji huo mwaka 1837. Mimi siku hiyo sikuwa nayo.

Sehemu inayofuata, kutoka Kilifi hadi Gede, siisifu. Ni lami tupu, ukingo wake umeliwa na mvua, na matatu zina desturi ya kumwonya mpanda baiskeli kwa honi zikiwa zimekwisha kumfikia. Dawa yake ni kuondoka mara baada ya sala ya alfajiri, barabara ikiwa bado ya wauza maziwa na watoto wa shule, na kula mahamri na mbaazi Matsangoni kabla jua halijawa na maneno. Baadaye upande wa kushoto huanza msitu wa Arabuko Sokoke, ukubwa wake kama kilomita 420 za mraba, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Mwenye bahati, akisimama kimya penye njia zake za mchanga mwekundu, huweza kumwona sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu kuliko ukoo wake, akichakura majani makavu kama kuku.

Gede inataka nusu siku, na asiye nayo heri asiingie. Mji huu ulikaliwa kwa karne nyingi, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya kumi na saba, ukafunikwa na msitu hata wenyeji wakapaogopa kwa kupasadiki kuwa ni makao ya mizimu. Mwaka 1948 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, akaanza kufukua kuta zake, na mwaka 2024 UNESCO ikautia katika orodha ya urithi wa dunia. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 wa Miladi, na tarehe hiyo imewafaa wataalamu kama ufunguo wa kuhesabia umri wa mengine. Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kwa hiyo kuna nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya bakuli la kichina. Mimi lakini nilisimama zaidi penye mambo mawili. La kwanza ni mkuki uliochongwa katika jiwe juu ya tao la mlango wa msikiti mkuu, alama ya kibara mlangoni pa nyumba ya ibada, kana kwamba aliyeijenga hakutaka mtu amdanganye mjukuu wake kwamba mji huu ulikuja wote kwa jahazi. La pili ni kisima cha msikiti huo. Nilichungulia nikaona giza, nikatupa kijiwe, nisisikie mlio wa maji. Katika sababu zitajwazo za kuhamwa kwa Gede, pamoja na mashambulizi ya Wagalla na kuhama kwa mfalme wa Malindi aliyekwenda Mombasa na Wareno mwishoni mwa karne ya kumi na sita, mojawapo ni kwamba maji ya ardhini yalishuka, visima vikachimbwa chini tena na tena, hata havikufuatika.

Kuna jambo limewashangaza wataalamu, nalo ni kwamba Wareno, waliokaa Malindi karibu miaka mia, hawakuacha neno lolote juu ya mji huu kwa jina hilo, ingawa ulikuwa mkubwa na jirani. Mshangao huo hupungua kidogo kwa mtu aliyefika Gede kwa baiskeli. Mji hauko baharini, uko ndani maili kadhaa, hauonekani kutoka merikebuni, na hapana njia ya kuufikia ila uwe unajua unakokwenda au umechukuliwa na mwenyeji. Mgeni aliyetia nanga Malindi akapokewa vizuri hakuwa na haja ya kupenya vichaka.

Kutoka Gede hadi Malindi ni kilomita kumi na sita, na kusi ikivuma huhisika kama nane. Katika mji wenyewe wageni wengi huenda moja kwa moja kwenye nguzo ya Vasco da Gama, nao si makosa, maana msalaba wa jiwe ulio juu yake ulitoka Ureno, na mahali unaposimama, kwenye ncha ya rasi yenye upepo, ni pazuri mno wakati wa magharibi. Lakini kando ya msikiti wa Juma, kando ya soko na kelele zake, kuna makaburi mawili ya mnara, angalau moja likiwa la zamani kuliko safari ya Mreno huyo, na watu huyapita wakitafuta mahali pa kuegesha pikipiki. Laiti ningekuwa mwongozaji, ningewapeleka wageni hapo kwanza, kisha kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewainua watu wake dhidi ya utawala wa Kiingereza mwaka 1913 na 1914, na nguzo ningeiacha iwe ya mwisho, kwa ajili ya jua kuzama.

Ukilivuka daraja la Sabaki, mto uletao udongo mwekundu wa bara na kuipaka rangi bahari ya Malindi nyakati za mvua, pwani inabadilika. Hoteli zinakwisha, na watu husalimiana na mpita njia bila ya kutaka kumuuzia kitu. Karibu kilomita kumi na tano kutoka Malindi, mkono wa kulia, ndipo Mambrui, mji mdogo wa msikiti, madrasa na upepo mwingi, ambao kwa umbo lake la leo haungemfanya mtu adhani kwamba wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Peking waliokota hapo, mwaka 2010, sarafu ya shaba yenye jina la mfalme Yongle, yule aliyemtuma amiri wake Zheng He kuizunguka bahari ya Hindi na ambaye mwaka 1415 aliletewa twiga kutoka Malindi. Kaburi la mnara la Mambrui, lililopambwa kwa bakuli za kauri za China zilizopachikwa katika chokaa, lilianguka mwaka 1934. Anayetaka kuyatazama mabaki yake, au kuuona msikiti, na ashuke baiskeli mwanzo wa mtaa, ajifunge shuka ikiwa amevaa kaptura, aulize kwa salamu; akifika wakati wa sala angoje, na kungoja kwenyewe hakuna hasara, kwa kuwa kahawa ya Mambrui ni chungu inavyostahili kuwa.

Gongoni ndiko nilikopata pancha yangu, tena ya matairi mawili kwa mpigo, kwa kosa la kupita kwenye nyasi zilizojaa mbigili. Chini ya mwarobaini palikuwa na fundi mtu mzima, karai la maji, pampu ya mguu na mkebe wa viraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na mzigo huu?"

"Kilifi."

"Na upepo umekuja nao, au umekuja kinyume chake?"

"Nimekuja nao."

"Basi hujachoka bado," akasema, akaipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani. "Ngoja kurudi."

Alichomoa tairi kwa vipini viwili vya kijiko, akautoa mpira wa ndani, akautia upepo, akauzungusha katika karai hatua kwa hatua kama mtu avutaye tasbihi, na kila palipotoka mapovu alipatia alama kwa kipande cha mti. Palitoka mara tano. Akakwaruza kwa msasa, akapaka gundi, akapepea, akabandika kiraka alichokikata mwenyewe katika mpira mkuukuu, akakigonga kwa nyundo ndogo. Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wa mjini hulisahau: alipitisha ncha za vidole ndani ya tairi lote, taratibu, amefumba macho, akang'oa miiba mitatu iliyokuwa imebaki ikingoja. Nilipomlipa aliniambia nikifika nyumbani niioshe cheni kwa maji matamu na kuitia mafuta, kwa sababu hewa ya huku, kwa maneno yake, inakula chuma.

Hakuzidisha. Kutoka Gongoni kwenda Ngomeni njia hupita kando ya mashamba ya chumvi, na hewa huionja ulimini. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua katika mabirika makubwa mapana, yakaachiwa jua na upepo, yakapitishwa kutoka birika moja hadi jingine kadiri yanavyokolea, mpaka katika la mwisho chumvi inaganda, ikakwanguliwa na kurundikwa vilima vyeupe ambavyo jua la saa nane huvifanya visitazamike. Msimu wa kaskazi ndio mavuno yake. Mandhari ni ya shani, lakini si mandhari tu. Mahali palipo mabirika palikuwa na mikoko, michu na mikandaa, na mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa hadhara juu ya uzalishaji wa chumvi katika eneo hili la Magarini, baada ya kuyasikiliza malalamiko ya wenyeji kuhusu ardhi yao na mazingira yao. Mpita njia kwa baiskeli huyaona yote mawili kwa pamoja, weupe wa chumvi mkono mmoja na vibanda vya makuti mkono wa pili, na mwendo wake si wa kasi hata aweze kugeuza uso.

Halafu mikoko inarudi, mchanga unakuwa mweupe, na Ngomeni inatokea. Jina lake kila Mswahili analisikia maana, ni mahali penye ngome. Na leo ni kijiji cha wavuvi, Wabajuni wengi miongoni mwao, chenye mashua zilizopandishwa ufuoni na nyavu zilizoanikwa juu ya ngazi. Ajabu yake iko baharini. Mbele ya kijiji, juu ya miguu ya chuma iliyokita katika maji, yamesimama majukwaa mawili ambayo Waitalia, chini ya uongozi wa Luigi Broglio, waliyaweka katika miaka ya sitini, kwa sababu mahali hapa pako karibu na mstari wa ikweta, ambapo mzunguko wa dunia humsaidia anayetaka kurusha kitu angani kuelekea mashariki, na mbele yake hapana kitu ila bahari. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Mojawapo, ya Wamarekani, ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya saba ya uhuru wa Kenya, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi ya kupima miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, na vipimo vyake vilisaidia kuwaonyesha wataalamu kwamba katika kundinyota la Cygnus kuna kitu kizito kisichotoa nuru, kile waitacho shimo jeusi. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno la Kiswahili lilifika huko kabla ya wengi wetu kufika Nairobi.

Na chini ya maji yayo hayo, si mbali na kijiji, imelala merikebu ya Wareno ya mwanzo wa karne ya kumi na sita, ambayo wapiga mbizi wa Makumbusho ya Taifa wamekuta ndani yake pembe za ndovu na vipande vya shaba. Baadhi ya wataalamu wanadhani ni São Jorge, mojawapo ya merikebu za safari ya mwisho ya Vasco da Gama, ya mwaka 1524, ingawa uthibitisho wake bado unatafutwa. Nilikaa ufuoni magharibi ile nikila samaki wa kupaka, majukwaa ya chuma mbele yangu yakigeuka meusi, na mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu akanionyesha kwa kidole upande merikebu ilipo, bila ya kuinua macho, kama mtu anayeonyesha nyumba ya jirani.

Anayetaka kwenda na aondoke Kilifi Julai au Agosti, achukue viraka na gundi ya kutosha, shuka moja, na maji zaidi ya anavyodhani yatamtosha. Katika kurudi asijaribu ujasiri: kusi itakuwa usoni. Gongoni zipo matatu za kwenda Malindi, baiskeli hufungwa juu ya keria, na nauli yake hupatanwa kabla ya kuipandisha.